Futi Sita kwa Tatu

Mimi ni fundi seremala, si mwalimu wa dini.
Karakana yangu iko njia ya Mafinga kwenda Ihalimba,
pale ukungu unapochelewa kuamka
na maranda yananuka utomvu mpaka kwenye ugali.

Mwezi wa nane walinijia watatu.
Mzee Kihwele wa Walutheri,
kofia mkononi kama anayekuja kukopa:
"Mabenchi ishirini, fundi, yasiyovunjika Krismasi."
Katekista Chengula, na daftari lake la mistari:
"Meza ya altare. Misumari isionekane."
Mchungaji Nyalusi wa walokole,
pikipiki inanguruma nje, hakuizima:
"Mimbari. Iwe nyepesi. Sisi bado tuko kwenye turubai."

Na kila mmoja, kwa siku yake, alipofika mlangoni
akageuka kama mtu aliyesahau chumvi dukani:
"Na msalaba."
Vipimo?
Futi sita kwa tatu, akasema Kihwele.
Futi sita kwa tatu, daftari la Chengula likasema.
Nyalusi hakuwa na namba, alitanua mikono tu,
akasimama hivyo katikati ya vumbi la mbao.
Nikavuta futikamba mgongoni kwake.
Sita kwa tatu.

Sikuwaambia kwamba misalaba yote
inatoka kwenye msindano mmoja
ulioangushwa na upepo nyuma ya choo changu.
Kihwele angeitisha kikao.
Chengula angeuliza kama umebarikiwa.
Nyalusi angeukemea kwanza.
Nikanyamaza, nikapiga randa.

Oktoba moto ukatoka msituni.
Wengine walisema mrina asali, wengine shamba la mtu;
moto wenyewe haukusema, ulikuja.
Tulikata matawi mabichi, tukaupiga kama nyoka.
Bibi Kaselida aliita kwa Kihehe,
vijana wa kwaya kwa sauti nne bila kupenda,
mwingine alianza na Maria, mwingine na ndimi nisizozijua,
lakini pumzi ilipokwisha, jina lililobaki kinywani
lilikuwa moja, fupi, silabi mbili,
na hakuna aliyeuliza limetoka kanisa gani.

Paa la karakana liliposhika
nilimwona Chengula akitoka na mimbari kichwani,
na Nyalusi amekumbatia altare
kama mtu aliyemwokoa ng'ombe wa jirani.
Kihwele alirudi ndani mara mbili.
Mara ya tatu tulimshika shati.

Asubuhi tulikuwa weusi wote, masizi mpaka kwenye kope.
Nilimwamkia Nyalusi nikidhani ni Chengula,
akaitika.
Kwenye majani yalilala mabenchi kumi na saba,
altare, mimbari,
na misalaba miwili.
Wa tatu tuliuchimbua majivuni:
mweusi, umepasuka begani, lakini umeshikamana.

"Wa nani huu?" akauliza Kihwele.
Nikatazama. Sikuwa nimeweka alama.
Kimya.
Kisha akakohoa: "Basi ni wetu. Andika ni wetu."
"Hapana," Chengula akasema, "ni wetu."
Nyalusi alikuwa amekwisha uinua.
Mara ya kwanza maishani mwangu
kusikia makanisa yakigombea hasara.

Nilitaka kuwaambia kitu
kuhusu yule Seremala aliyetundikwa mara moja,
si mara tatu, na bila kipimo chochote;
lakini koo lilikuwa limejaa moshi,
nikaenda kutafuta koleo.

Tuliusimika pale moto ulipokomea, kando ya barabara.

Jumapili iliyofuata spika zilirudi kugombana bondeni,
ngoma huku, kinanda kule, toba katikati.
Sitadanganya.
Kihwele bado hajamaliza deni la mabenchi.
Lakini karakana yangu mpya inatazama barabara, nami nina macho.
Kihwele akifika pale anavua kofia.
Chengula anagusa paji la uso, kifua, bega, bega.
Nyalusi anapunguza mwendo wa pikipiki.
Haizimi.
Lakini anapunguza.